Vyuma vya Njia ya Baiskeli

Asubuhi vyuma vilipowekwa, Amongin alikuwa amebeba magunia ya dagaa wa omena nyuma ya baiskeli yake, na alikuwa amechelewa.

Baiskeli yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa ya magurudumu matatu, yenye pedali za kuzungushwa kwa mikono, kwa sababu miguu ya Amongin haikuwahi kumbeba tangu alipougua polio kwao Chakol akiwa mtoto mdogo. Nyuma ya kiti kulikuwa na sanduku la bati, na kazi yake yote ilikuwa humo: leo omena kutoka Sio Port, kesho sabuni, siku nyingine unga, vyote vikivuka mpaka kwenda upande wa Uganda. Pale Busia, mji wa mpakani, wako wengi wenye ulemavu wanaofanya kazi hiyo. Amongin alikuwa ameifanya mpaka mabega yake yakapanuka kama ya mtu anayepasua mawe.

Miaka yote hiyo alikuwa akipita barabarani pamoja na malori. Yanapanga foleni kuelekea forodhani tangu alfajiri, mengine yamezima injini, mengine yananguruma, na katikati yake wanapenya watu, mikokoteni, pikipiki, na yeye. Dereva wa trela akikaa juu kule hamwoni mtu aliyekaa chini namna ile. Amongin alikuwa amezoea kupiga kelele kila anapopita boneti ya lori.

Halafu mradi wa kuboresha mji ukafika mtaani kwao. Mitaro ikafunikwa, taa zikasimamishwa, miche ya miti ikapandwa, na kando ya barabara kuu ikajengwa njia ya matofali mekundu ya kabro, ya wanaotembea kwa miguu na wa baiskeli peke yao. Siku ya kwanza kuipita, Amongin alisimama katikati bila sababu yoyote. Alitaka tu kujua kusimama bila kupigiwa honi kunakuwaje.

Watu wa bodaboda nao waliipenda njia hiyo. Foleni ikikaza, wanapanda kabro na kufyatuka. Haukupita muda mrefu, pikipiki iliyobeba madumu ya petroli ikamgonga Bridgit, binti wa Trizah, alipokuwa akitoka shuleni. Mfupa wa paja ukavunjika. Aliyemgonga hakusimama wala hakujulikana.

Trizah alikuwa na kibanda cha chapati na uji pale pale njia inapoanzia. Hakulia mbele ya watu. Alifunga kibanda, akawakusanya akina mama wa mtaa, wakawa wanakwenda kukaa mbele ya geti la mkandarasi wa mradi kila kukicha mpaka wakasikilizwa. Amongin alikwenda nao. Alikuwa mstari wa mbele na sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote, kwa sababu Trizah alikuwa rafiki yake, ndiye aliyekuwa akimpandishia magunia kila asubuhi, na Bridgit alikuwa akimwita mama mdogo.

Walichokiomba wakapewa: nguzo tatu za chuma, nene, zimechimbiwa kwa saruji pale mlangoni pa njia ili pikipiki zisipite. Hakuna mtu, hata Amongin mwenyewe, aliyefikiria upana wa baiskeli yake.

Sasa alikuwa mbele ya nguzo hizo. Alijaribu upande wa kushoto, gurudumu likagonga chuma. Akajaribu kulia, vile vile. Msimamizi wa ujenzi, mtu mpole aliyeitwa Ogola, alikuwa akisawazisha saruji kwa mwiko.

"Boss, mimi napita wapi?" Amongin akamuuliza.

Ogola aliangalia baiskeli, akaangalia nguzo. "Hii imepimwa ya baiskeli, mama."

"Na hii yangu ni ng'ombe?"

Ogola hakucheka. Alisimama, akapangusa mikono. "Shida ni moja. Pikipiki ni nyembamba kuliko wewe. Nikikuachia nafasi yako ya kupita, hiyo nafasi wao ndio watapita wa kwanza."

Amongin aliipima nafasi kwa macho. Ilikuwa kweli.

Trizah alitoka kibandani na unga mikononi. Alikuwa amesikia. "Wacha niongee nao, watatafuta njia," akasema. Kisha akashika ukingo wa sanduku la Amongin na kuongeza kwa sauti ya chini, "Lakini hivi vyuma visitoke. Nakuomba."

"Sijasema vitoke."

"Najua. Nakuomba tu."

Amongin akageuza baiskeli, akashuka kwenye mteremko wa kabro, akarudi barabarani.

Foleni siku hiyo ilikuwa mbaya. Alipita lori la kwanza akipiga kelele, la pili akipiga kelele, akafika mahali ambapo trela mbili zilikuwa zimesimama sambamba, moja ikiwa imetoka kwenye mstari ili kuwahi. Kati yake palikuwa na uchochoro. Aliingia. Alikuwa amefika katikati aliposikia breki za hewa za trela ya kulia zikiachia, ule mlio wa kupumua kwa nguvu, na lile tairi kubwa kando ya bega lake likaanza kuzunguka.

Trela ilikuwa inarudi kwenye mstari. Ilikuwa inakuja upande wake.

"Weee! Simama! Kuna mtu!"

Injini zilimeza sauti. Alizungusha pedali mbele, lakini kwa mbele uchochoro ulikuwa umeshaziba. Akazungusha kinyume, magunia yakamvuta. Ubavu wa trela ukagusa sanduku la bati, likaanza kukunjamana taratibu, kwa mlio mwembamba kama wa mbuzi. Baiskeli ikainama. Amongin akaanza kuligonga lori kwa ngumi, akaligonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka, huku akiona mpira mweusi wa tairi ukija karibu na goti lake ambalo halikuweza kuondoka.

Mtu alikuwa anakimbia juu ya kabro akipiga mbinja. Akaruka ukingo, akapanda ngazi ya kichwa cha trela na kupiga kioo cha dereva kwa kofia nyekundu ya pikipiki. Breki zikakaza. Lori likatetema na kusimama.

Omena ilikuwa imemwagika chini na kung'aa kwenye mafuta machafu.

Aliyemwokoa alikuwa Onyuka, mwenyekiti wa waendesha boda wa kituo cha karibu na pale. Yeye na utingo wa trela waliinua baiskeli pamoja naye, wakamtoa. Onyuka alichuchumaa mbele yake, anahema.

"Umeumia?"

"Sijui."

Onyuka alimpa maji. Alisubiri mpaka anywe, kisha akaangalia kule nyuma kwenye nguzo. "Umeona sasa hivyo vyuma vinataka kufanya nini? Si wewe tu. Leo hii kijana wangu amekwaruzwa na kontena. Sisi pia tuna watoto, Amongin. Kila mtu anatuona wabaya kwa sababu ya mjinga mmoja mwenye petroli."

Amongin alijifuta damu ya vidole kwenye nguo.

"Kesho asubuhi tunang'oa," Onyuka akasema. "Tutakuja na pikapu na mnyororo. Wewe ukiwa mbele, hakuna askari atatugusa. Utakubali?"

Goti lake lilikuwa bado linahisi tairi lile, ingawa halikuwa limeguswa. Akasema, "Ndiyo."

Jioni hiyo Trizah alikuja nyumbani kwake na supu kwenye chupa, amesikia habari sokoni. Alimpaka dawa kwenye vidole. Alisema Ogola ameahidi kupeleka maneno kwa wakubwa wake. Amongin alimwangalia akifunga kitambaa, akamwangalia akiondoka, na habari ya pikapu na mnyororo hakumwambia.

Kesho yake waendesha boda walikuwa wamejaa mlangoni pa njia, wamewasha injini. Pikapu kuukuu ilikuwa imerudishwa nyuma mpaka karibu na nguzo, na vijana walikuwa wakifunga mnyororo kwenye nguzo ya katikati. Amongin aliwekwa mbele kama walivyopatana. Sanduku lake lilikuwa limepigwapigwa kwa nyundo likakaribia kunyooka.

Trizah alitoka mbio na mwiko wa chapati mkononi. Akina mama wengine wakafuata. Alipoona nani yuko mbele, hatua zake zikapungua.

"Amongin?"

"Jana nilikuwa nakufa, Mama Bridgit."

"Na ulikunywa supu yangu ukijua?"

Amongin aliinamisha macho. Trizah alikwenda akaikumbatia ile nguzo yenye mnyororo, akaweka shavu lake juu ya chuma.

"Ng'oa," akamwambia Onyuka. "Ng'oa na mimi."

"Mama, toka. Mnyororo ukikatika utakukata kichwa."

"Mlimvunja mtoto wangu, kichwa ni nini?"

"Si mimi nilimvunja!"

"Basi nani? Mtaje! Mnamjua nyinyi wote!"

Watu walikuwa wanaongezeka. Madereva wa malori walishuka kutazama. Dereva wa pikapu, kijana mwenye haraka, alikuwa anakanyaga mafuta na kuachia, mnyororo ukikaza na kulegea. Wanawake wawili walimshika Trizah kiunoni, wakamvuta wakimsihi. Aling'ang'ania. Mnyororo ukakaza tena, saruji changa ikapasuka kwa kishindo, na hapo akina mama wakamnyofoa kwa nguvu zao zote, wakaanguka naye kwenye kabro. Nguzo ikachomoka na bonge la saruji chini yake, ikaburutwa ikitoa cheche mpaka katikati ya barabara.

Vijana wakashangilia. "Pita, mama! Pita wa kwanza!"

Mtu akamsukuma. Amongin akajikuta anapita. Magurudumu yaliruka shimo, yakapanda kabro laini, na nyuma yake injini zikalia zote kwa pamoja.

Alizungusha pedali. Kwa muda kidogo alisikia raha ile ya zamani ya njia tupu. Kisha honi ikapigwa mgongoni kwake, fupi, ya kawaida kabisa, honi ya mtu anayetaka kupita. Ikapigwa nyingine. Akatazama mbele: watoto wa shule walikuwa wanakuja kwa makundi kutoka kona ya kanisa, sare za kijani, wadogo wameshikana mikono, wametandaa njia nzima kwa kuwa walijua ni yao.

Akageuka. Alichokiona nyuma kilikuwa kichwa cha Onyuka na taa nyingi za pikipiki.

Amongin alivuta breki ya mkono, akakata usukani, akaiweka baiskeli yake kingamo. Ilijaza njia kutoka ukingo hadi ukingo.

Onyuka alisimama kwa kuteleza, gurudumu lake likagusa sanduku. "Imeharibika?"

"Haijaharibika."

"Basi sogea."

"Sisogei."

Onyuka alidhani hakusikia vizuri. Akazima injini. Wa nyuma walikuwa wanapiga honi na kutukana. "Amongin. Jana nani alikutoa kwa lori?"

"Ni wewe. Na Mungu akubariki. Kuna watoto hapo mbele, Onyuka."

"Tutapita polepole."

"Wewe utapita polepole. Na yule?" Alinyoosha kidole kwa dereva wa nyuma kabisa, aliyekuwa akirukisha gurudumu la mbele hewani. "Na yule mwenye madumu? Unawajua wote?"

Onyuka alisita. Lakini dereva mmoja mrefu, mwenye jaketi la ngozi, alikuwa ameshashuka. "Tunabembeleza nini? Si tumbebe?" Alishika usukani wa baiskeli na kuuinua.

Gurudumu la mbele likapanda. Amongin alishikilia pedali, lakini hakuna mguu wa kukanyagia chini. Uzito wote ukaenda nyuma, ubavu ukainuka, na akaenda. Alianguka kwa bega, kisha uso. Baiskeli ikamwangukia juu ya miguu. Alisikia ladha ya damu na vumbi la kabro.

Injini zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine. Watoto walikuwa wamesimama karibu, mmoja akaanza kulia kwa sauti.

"Umemwangusha," Onyuka akamwambia yule mrefu, kama hasadiki. "Umemwangusha mama wa watu."

"Nilikuwa nashika tu..."

Amongin hakungoja kuinuliwa. Alijivuta kwa viwiko mpaka akatoka chini ya baiskeli, akakaa hapo hapo katikati ya njia, nguo imepanda, damu inatoka puani, akaweka viganja vyake viwili juu ya kabro. Alikuwa anaogopa sana. Pikipiki ikiwa imesimama mbele ya mtu aliyekaa chini ni kubwa kama nyumba.

"Sasa pita," akasema.

Hakuna aliyepita. Trizah alikuja akipenya kati ya pikipiki, kilemba kimefunguka. Amongin alidhani anakuja kumshika mkono. Trizah alipita pembeni yake bila kumtazama, akawafikia watoto, akawapanga upande wa ukuta na kuwapitisha, akiwagusa kichwa kila mmoja. Walipokwisha ndipo alipogeuka na kusimama nyuma ya Amongin. Alisimama tu.

Onyuka alivaa kofia yake. "Geuzeni," akawaambia watu wake. Wengine walilalamika. Yule mwenye jaketi alitema mate. Lakini waligeuza.

Ogola alifika na wakubwa wake mchana, pamoja na askari wawili waliosimama mbali wakila mahindi. Kulikuwa na maneno mengi. Mwishowe ni Trizah aliyesema nguzo ya katikati iwe ya kulazwa chini, yenye kufuli, na ufunguo akae nao yeye, maana anakuwa pale toka asubuhi mpaka jioni. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu akija, anafungua. Akipita, anafunga. Mkubwa mmoja akauliza ni nani atamlipa kwa kazi hiyo. Trizah akamwangalia mpaka akaacha kuuliza. Onyuka naye alitaka malori yakatazwe kusimama sambamba. Wakubwa waliandika. Malori yaliendelea kusimama sambamba.

Nguzo mpya ikawekwa. Kila asubuhi Amongin alikuja, Trizah akatoka kibandani, akafungua kufuli, akalaza chuma, akangoja, akakisimamisha tena. Hakumsalimu. Magunia Amongin alitafuta mtu mwingine wa kumpandishia. Alijaribu mara kadhaa kuanza mazungumzo, kuhusu mvua, kuhusu bei ya unga, na Trizah akawa anafunga kufuli na kurudi kwenye jiko lake. Alijaribu pia kuomba msamaha, waziwazi, mbele ya wateja. "Nimesikia," Trizah alisema. Ikawa basi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mpaka siku ile Trizah alipomngoja Amongin nje ya kibanda, amevaa gauni la kanisani. Bridgit alikuwa kando yake, amejiegemeza kwenye magongo.

"Leo tunaenda hospitali, wanamtazama mfupa," Trizah alisema. Alinyoosha ufunguo. "Wenzako wenye baiskeli watakuja. Kaa hapa uwafungulie."

Amongin alikuwa na sabuni ya kuvusha na mteja aliyemngoja ng'ambo. Aliupokea ufunguo. Ulikuwa na joto la mkono.

"Na Onyuka akija kuniomba?"

"Hilo ni lako na yeye." Trizah alimshika Bridgit begani, wakaanza kutembea, kisha akageuka nusu. "Chapati ziko kwa sufuria. Kula. Usiuze, hujui bei."

Bridgit akacheka. Trizah hakucheka, lakini hakuharakisha kugeuza uso.

Amongin alikaa pale siku nzima. Aliwafungulia wenzake na akajifunza jinsi ya kulaza chuma akiwa kitini, kwa kuinama na kukivuta kwa kamba. Saa za mchana foleni ilikaza mpaka hakuna kilichosogea, na Onyuka akatokea kati ya malori, amebeba abiria mwenye mzigo. Alisimama mbele ya nguzo, mguu mmoja chini, injini ikinguruma. Aliona kibanda hakina mwenyewe. Aliona ufunguo.

Wakaangaliana.

"Hujambo, dada," Onyuka alisema.

"Sijambo. Hali yako?"

"Ni hivyo tu."

Amongin alifunga kiganja juu ya ufunguo. Onyuka alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, akazungusha pikipiki na kurudi barabarani. Mbele yake trela mbili zilikuwa zimesimama sambamba, na uchochoro kati yake. Aliingia. Amongin alijiinua kwenye kiti kwa mikono yake miwili, akanyoosha shingo, akaitazama ile kofia nyekundu mpaka ilipotokea upande wa pili.